Kunata na Kunasa: Jinsi Kijazo Kinavyoshika Jinoni

Mtu aliyetoboka jino, katika lugha ya Kiswahili, huenda kwa mganga wa meno "kuziba jino". Neno hili kuziba ni la zamani na maana yake iko wazi: ni kufunga tundu kwa kitu kingine kilichoshindiliwa ndani yake. Wazo la gundi halimo katika neno hilo. Fundi azibaye ufa wa jahazi kwa kalafati haigandishi pamba katika mbao. Huishindilia kati ya mbao mbili, na mbao zenyewe ndizo ziishikazo. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja neno hilo liliieleza vema kazi ya mganga wa meno, maana kijazo cha amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha, bati na shaba, hakigandi katika jino. Hukaa kwa sababu tundu limechongwa liwe jembamba mdomoni na pana chini, mfano wa mtungi, na kijazo kikiisha kuwa kigumu hakina njia ya kutokea. G. V. Black wa Chicago, ambaye kitabu chake cha mwaka 1908 kilifundisha waganga wa vizazi kadhaa, aliweka kanuni za kuchonga matundu ya namna hiyo. Gharama yake ililipwa na jino lenyewe: ili kijazo kipate mahali pa kujitia, sehemu iliyo nzima ilibidi ikatwe pamoja na ile iliyooza.

Siku hizi amalgamu yaondoka polepole kwa ajili ya zebaki iliyomo. Mkataba wa Minamata, ulioafikiwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, wazitaka nchi zipunguze matumizi yake. Mwaka 2022 yaliongezwa masharti juu ya watoto walio chini ya miaka 15 na wanawake wenye mimba au wanaonyonyesha. Na Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa pale mganga aonapo kwamba hapana budi kwa hali ya mgonjwa. Mahali pake pachukuliwa hasa na kompositi, kile kijazo cheupe kifananacho na rangi ya jino. Lakini kompositi haishindiliwi ikakaa yenyewe. Haina budi kugandishwa. Kwa hiyo mtu aulizaye kama kijazo chake cheupe kitadumu, huwa ameuliza, bila kujua, habari za utando mmoja wa gundi ambao kwa kawaida ni mwembamba kuliko unywele.

Je, utando huo washika kwa njia gani? Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo tofauti yao ni ya konsonanti moja tu, navyo vitatufaa hapa kuliko istilahi nyingi za kigeni: kunata na kunasa. Kitu kikinata, hushika kwa uso wake, kama utomvu wa fenesi vidoleni. Hakihitaji tundu wala kona. Kitu kikinasa, kimeingia mahali ambapo hakiwezi kutoka, kama samaki wavuni. Mtegaji wa ndege kwa ulimbo hutumia yote mawili kwa pamoja, na labda ndiyo sababu watu hawayatengi sana katika mazungumzo. Wengi hudhani kwamba gundi ya meno hunata. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, gundi hiyo imekuwa ikinasa.

Jambo hili lilianzia kwenye enameli, yaani ganda gumu la nje la jino. Enameli ni madini kwa kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake, na madini yenyewe ni fuwele za kalsiamu na fosfati zilizopangwa katika fito nyembamba mno zilizosongamana. Mwaka 1955 Michael Buonocore, aliyekuwa akifanya kazi Rochester katika jimbo la New York, alitangaza njia iliyokuwa nyepesi hata ikaonekana kama mzaha. Alijua kwamba viwandani chuma hupakwa asidi ya fosforiki kabla ya kupakwa rangi, ili rangi ishike vizuri zaidi. Akaipaka asidi hiyo, yenye nguvu ya asilimia 85, juu ya enameli kwa nukta 30, akaiosha, kisha akatia tone la plastiki ya akriliki. Katika meno yasiyotiwa asidi matone yalibanduka baada ya saa chache. Katika yale yaliyotiwa, yalikaa majuma kadhaa.

Asidi haikuwa imefanya enameli inate. Iliitafuna. Vichwa vya fito vyaliwa kwa kiasi kisicho sawa na kando zake, na uso uliokuwa laini kama kioo wageuka kuwa uwanja wa vishimo visivyohesabika, vya kina cha sehemu chache za elfu za milimita. Mganga huona dalili yake kwa macho: enameli iliyooshwa na kukaushwa hupoteza mng'ao na kuwa nyeupe kama chaki. Resini nyepesi ikipakwa hapo hunyonywa ndani ya vishimo, na ikiisha kukazwa kwa mwanga wa buluu huwa imeota vijimizizi maelfu kwa maelfu. Huko ndiko kunasa. Siku hizi asidi itumikayo ni ya asilimia 30 hadi 40 tu, kwa nukta 15 hadi 30, na nguvu ipatikanayo ni kama megapaskali 20 au zaidi. Kwa hesabu ya kawaida ni kama kwamba kipande chenye milimita moja ya mraba kingeangikwa uzito wa kilo 2 kisibanduke. Katika mambo yote ya gundi za meno, hili la enameli ndilo lililothibitika kuliko mengine, na tangu 1955 halijapatikana la kulishinda.

Hata hivyo enameli zote si sawa. Watu waliokulia miteremkoni mwa Meru na Kilimanjaro, na penginepo katika Bonde la Ufa, ambako maji yana floridi nyingi, hutokea kuwa na meno yenye madoa ya hudhurungi, na mara nyingi ni wao wanaotaka kufunikwa madoa hayo kwa kompositi. Enameli ya namna hiyo, ugonjwa ukiwa mkali, ina ngozi ya juu yenye madini mengi isiyoliwa na asidi kwa urahisi, na chini ya ngozi hiyo ina vinyweleo na udhaifu. Nukta 15 zilizoandikwa katika karatasi ya maelezo hazikupimwa juu ya jino hilo. Mganga hulazimika kuparuza ngozi ile kwanza, au kuiacha asidi ikae zaidi, na hata hivyo asitarajie nguvu ile ile.

Sasa yafaa kusema kidogo juu ya kompositi yenyewe, kwa sababu adui wa kwanza wa gundi ni kijazo kinachogandishwa nayo. Mwaka 1962 Rafael Bowen, mtafiti wa Marekani, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa resini nzito, ambayo ilichanganywa na unga wa mawe ya silika uliotayarishwa ili ushikane na resini. Unga huo ndio uipao kompositi ugumu wa kutafunia. Lakini resini yoyote ikazwapo, molekuli zake hushikana mikono na kukaribiana, na kijazo chote husinyaa, mara nyingi kwa asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Kijazo kilichopakwa juu ya uso ulio bapa hakidhuriki sana, kwa kuwa chaweza kusinyaa kutoka upande wa juu ulio huru. Ndani ya tundu la gego mambo ni mengine: kuta nne na sakafu moja zimeshikwa, na ni mdomo mmoja tu ulio huru. Feilzer na wenzake wa Amsterdam walieleza mwaka 1987 kwamba uwiano huu wa nyuso zilizoshikwa kwa zilizo huru, ambao hapa ni 5 kwa 1, ndio upimao mvutano. Kabla mgonjwa hajainuka kitini, kabla hajatafuna hata tonge moja, gundi huwa tayari imekwisha kuvutwa kutoka pande zote kwa nguvu zinazokaribia uwezo wake. Ndiyo maana mganga mwangalifu hutia kompositi kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, na mgonjwa asiyejua humwona kama mtu mwenye kupoteza wakati.

Chini ya enameli iko dentini, na hapo ndipo penye taabu. Dentini ina madini kwa asilimia 70 tu ya uzito wake. Asilimia 20 ni vitu vyenye asili ya mwili, hasa nyuzi za kolajeni, na asilimia 10 ni maji. Imetobolewa na mirija midogo itokayo kwenye kiini cha jino chenye damu na fahamu, nayo karibu na kiini yafikia 45,000 katika milimita moja ya mraba. Mirija hiyo imejaa maji yanayosukumwa nje polepole. Tena, keekee ya mganga ikiisha kupita, huacha juu ya dentini utando wa unga na uchafu, mithili ya vumbi la msumeno lililokandamizwa katika ubao mbichi. Kuitaka resini, ambayo kwa asili huchukia maji, ishike mahali kama hapo ni kutaka lami ishike katika sakafu ya kisima.

Kwa miaka mingi waganga wa Ulaya na Marekani waliogopa kuitia asidi dentini wakidhani kwamba itakiua kiini. Ni Fusayama wa Tokyo aliyethubutu mwaka 1979 kuitia asidi pamoja na enameli, na mwaka 1982 Nakabayashi, wa mji huo huo, akaonyesha kilichokuwa kikitokea. Asidi huyaondoa madini ya uso wa dentini na kuziacha nyuzi za kolajeni zikiwa tupu. Resini ikipenya kati ya nyuzi hizo na kukazwa, huzaliwa tabaka ambalo si jino wala si gundi. Kwa Kiswahili twaweza kuliita tabaka mseto, na jina hilo lina haki yake, maana katika mseto wa mchele na choroko kila punje yabaki ilivyo ingawa chungu ni kimoja.

Nyuzi hizo lakini zina tabia ya wavu. Wavu ukiwa baharini huwa umetanda, na kila jicho lake li wazi; ukitolewa majini hulala juu ya nafsi yake ukawa fundo. Kadhalika kolajeni: mganga akiikausha kwa upepo mkali, nyuzi huanguka na resini haina pa kupenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 John Kanca wa Marekani alifundisha kwamba dentini iachwe na unyevu, ili resini iliyochanganywa na kimiminiko kama asetoni au alkoholi iyafukuze maji na kukalia mahali pake. Fundisho hilo ni la kweli, na pia ni la mateso. Enameli yataka kukaushwa hata iwe kama chaki, dentini yataka ibaki nyevu, nazo ni jirani ndani ya tundu lisilozidi punje ya hindi. Unyevu ukizidi, resini haishiki. Ukipungua, wavu umelala. Kati ya waganga wawili wenye chupa ile ile, mmoja hupata gundi na mwingine hupata bahati.

Wajapani walitafuta njia ya kuikwepa mizani hiyo. Badala ya asidi ya kuoshwa, waliweka uchachu ndani ya resini yenyewe, ili ile ile inayochimba vishimo iwe ndiyo inayovijaza, na wavu usipate nafasi ya kulala. Mwaka 1981 kampuni ya Kuraray ilibuni molekuli iitwayo kwa kifupi MDP, ambayo upande wake mmoja hushika kalsiamu ya jino na kufanya nayo chumvi isiyoyeyuka upesi, na upande wa pili huungana na resini. Hapa hatimaye pana kunata kwa kweli, kunata kwa kikemia, pamoja na kunasa. Gundi za namna hii zilizo pole, zenye chupa mbili, zimeonekana kushika dentini kwa uaminifu. Udhaifu wao uko kwenye enameli, ambayo uchachu wao mpole hauitafuni vya kutosha; kwa hiyo waganga wengi sasa hutia asidi ya fosforiki kwenye ukingo wa enameli peke yake, na kuiachia dentini gundi hiyo. Ama gundi za chupa moja zilizofanya kila kitu kwa pigo moja, zile za kwanza zilisifiwa kwa wepesi wao na kulaumiwa baadaye kwa kunywa maji.

Msomaji atakayetaka kujua gundi ipi ina nguvu zaidi atapewa takwimu nyingi, na hapo ndipo panapohitaji tahadhari. Kwa desturi, kijazo hugandishwa juu ya jino lililong'olewa, la mtu au la ng'ombe, kisha husukumwa kwa ubavu hadi kibanduke. Mwaka 1994 Sano na wenzake walileta njia nyingine: jino na kijazo chake hukatwa vijiti vyembamba, ambavyo mahali pa kiungo vina eneo la kama milimita moja ya mraba, kisha huvutwa hadi vikatike. Njia ya pili hutoa tarakimu kubwa zaidi kwa gundi ile ile, kwa sababu kiungo kidogo kina kasoro chache, kama vile kipande kifupi cha uzi kilivyo na mafundo machache kuliko uzi mrefu. Basi gundi iliyopata 20 katika maabara moja na ile iliyopata 40 katika nyingine huenda ni sawa kabisa. Kutaja megapaskali bila kutaja namna zilivyopimwa ni sawa na kutaja bei ya unga bila kutaja kama ni kibaba au gunia, nayo matangazo ya wauzaji hufanya hivyo bila haya.

Kosa lililo kubwa zaidi ni kupima siku ya kwanza tu. Tabaka mseto lililo zuri mara nyingi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake maabarani baada ya kukaa majini miezi sita au mwaka. Sano alionyesha mwaka 1995 kwamba hata pasipo ufa unaoonekana, pana vinjia vidogo ndani ya tabaka hilo ambamo maji hupita. Maji huilegeza resini. Mwaka 2004 Pashley na wenzake wakaongeza jambo lililowashangaza wengi: kolajeni isiyofunikwa na resini huliwa polepole na vimeng'enya vilivyo ndani ya dentini yenyewe, pasipo bakteria yeyote. Jino, kwa maneno mengine, laukata wavu wake lenyewe. Ukingo wa kijazo ukiwa wote katika enameli, maji hucheleweshwa mlangoni na kijazo huishi. Ukiteremka chini ya ufizi, ambako enameli haipo, hapo ndipo kuoza kupya huanzia mara nyingi.

Katika mashindano haya yuko mmoja ambaye tarakimu zake ni za kudharauliwa. Wilson na Kent wa London walitangaza mwaka 1972 saruji ya glasi, iitwayo glasi-ionoma, itokanayo na unga wa glasi uliochanganywa na asidi ya poliakriliki. Hii hunata. Asidi yake hushikana na kalsiamu ya jino, haihitaji mwanga, haidhuriwi na unyevu mdogo, nayo hutoa floridi. Ikivutwa maabarani, mara nyingi haifikii hata nusu ya nguvu ya kompositi iliyogandishwa vema. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walipokusanya matokeo ya vijazo vilivyotiwa vinywani mwa watu, katika mibonyeo ya shingo ya jino isiyo na mwinamo wa kunasia kitu, glasi-ionoma ndiyo iliyobaki mahali pake vizuri kuliko gundi zote. Maelezo yake si magumu. Ikivutwa, hukatika ndani ya saruji yenyewe, na utando mwembamba husalia umeganda jinoni. Tarakimu ile ndogo ilikuwa kipimo cha udhaifu wa saruji, si cha kunata kwake. Tena haijivuti yenyewe kwa nguvu kama kompositi ifanyavyo.

Tanzania ina sehemu yake katika habari hii. Katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken na wenzake walianzisha nchini humo njia ya kutibu meno pasipo keekee wala umeme: sehemu laini iliyooza huondolewa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu hujazwa saruji inatayo. Baadaye glasi-ionoma ndiyo iliyotumika, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza njia hiyo kwa mataifa. Katika tundu dogo la upande mmoja vijazo hivyo hudumu vema. Katika tundu lililobomoka pande mbili au tatu saruji huvunjika chini ya meno, na hapo kompositi ndiyo itakiwayo, pamoja na mwanga wake, chupa zake na ukavu wake.

Ukavu huo ndio ulio mgumu kupatikana katika zahanati yenye kiti kimoja na msaidizi mmoja. Mate yakiigusa enameli iliyokwisha kutiwa asidi, hata kwa kitambo kidogo, protini zake huingia katika vile vishimo na kuviziba, na kuvipuliza kwa upepo hakutoshi. Mganga hana budi kutia asidi upya, kuosha, kukausha, na kuweka pamba nyingine shavuni kabla hajaishika chupa ya gundi.